Mjomba Zege Anajibu: Vinguzo, Simba na Kichwa cha Mtoto

Kila mtu mjini Lubumbashi aliyepandisha etaji, yaani ghorofa, siku hizi anataka balustradi: ile safu ya vinguzo vya zege vyenye kiuno, mbele ya baraza, ili barabara nzima ijue kwamba mambo yamenyooka. Barua zinafuata baadaye, mvua ikishapita.

*Jambo Mjomba. Nimejenga etaji hapa Gambela, na balustradi yangu ilikuwa inapendeza hadi wenye magari wanapunguza mwendo. Majira ya mvua yamepita mara moja tu, vinguzo vimepasuka kwa urefu na vinatoa mistari ya kutu. Mchungaji anasema jirani ana kijicho. Shemeji anasema ni moshi wa kiwanda cha shaba cha Gécamines. Nimwamini nani? — Baba Etaji*

Mpwa wangu, jirani yako kijicho anacho, hata mimi nimekionea kijicho kibaraza hicho kwa kusoma barua tu. Lakini kijicho hakitoi kutu. Kutu inatoka kwenye chuma, na chuma kimo ndani ya kinguzo kwa sababu fundi alikitia humo.

Kinguzo chenye kiuno kina kasoro ya kuzaliwa nayo: tumbo nene, shingo ya sentimita sita au saba. Chuma cha milimita 8 kikisimama katikati kabisa, shingo inakifunika kwa sentimita mbili na nusu hivi kila upande, na hapo mna amani. Kikiegemea pembeni wakati wa kumimina, kinabaki na ngozi ya milimita chache. Maji na hewa vinapenya, kutu inaanza, na kutu inataka nafasi mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Zege halijui kutanuka, kwa hiyo linapasuka.

Shemeji ana chembe ya ukweli. Shaba ilianza kuyeyushwa hapa mjini mwaka 1911, na moshi wake wa salfa uliua miti upande wa kaskazini-magharibi, kule ulikosukumwa na upepo. Asidi ya moshi huo inakula simenti, hilo ni kweli. Ila inaanza na ngozi ya juu na kuichubua polepole kwa miaka. Haipigi mbio kutafuta chuma chako ndani ya majira moja ya mvua. Hebu muulize shemeji kama siyo yeye aliyekuletea fundi.

Sasa kazi. Usifiche ufa kwa rangi. Gongagonga uondoe vipande vilivyolegea, sugua chuma kwa brashi ya waya hadi king'ae, paka maji mazito ya simenti, na kabla hayajakauka ziba kwa simenti na mchanga laini. Kinguzo kilichopasuka kutoka tumboni hadi shingoni ng'oa, mimina kingine. Kisha panda ukatazame mkono wa juu, ile boriti inayolala juu ya vinguzo. Naweka dau umelala tambarare, na kuanzia Novemba hadi Machi maji yanatuama juu ya maungio. Uinamishe kidogo kuelekea nje, na chini ya ukingo wake uchonge mfereji mwembamba, ili tone lianguke chini badala ya kutambaa hadi kwenye vinguzo. Mafundi wengi wanauruka mfereji huo kwa sababu mteja haoni.

*Mjomba, vumbi la Agosti limegeuza balustradi yangu nyeupe kuwa nyekundu. Binamu anafanya kazi mgodini, amenipa kidumu cha asidi. Nichanganye na maji kiasi gani? — Mpenda Usafi, Makomeno*

Usichanganye. Funga kidumu, mrudishie binamu, naye akirudishe kazini kabla hajaulizwa. Hiyo ndiyo asidi sulfuriki inayotoa shaba kwenye mawe. Ukiimwaga juu ya zege inageuza chokaa ya simenti kuwa jasi, jasi inavimba, na uso wa kinguzo unaanza kumomonyoka. Utapata weupe wa asubuhi moja. Tumia sabuni, maji na brashi laini. Rangi uipake katikati ya kiangazi, zege likiwa limekauka kabisa, tena iwe rangi ya maji, kwa sababu ya mafuta inatoa malengelenge juu ya unyevu.

*Mjomba, mume wangu anataka simba wawili wa zege juu ya nguzo za ngazi. Anasema ni desturi ya balustradi tangu Warumi wa kale. — Mke wa Msomi, Kalubwe*

Mama, simba sina neno nao. Warumi ndio nina neno nao: hawakuwa na balustradi za namna hii. Vinguzo hivi vilianza Italia, karne ya 15. Simba awekwe, ila afungwe kwa chuma kinachoshuka ndani ya nguzo. Akikalia simenti peke yake, siku moja atateremka ngazi mbele ya wageni.

*Mjomba, mtoto wa dada yangu aliingiza kichwa kati ya vinguzo, kikakataa kutoka. Tulimpaka mafuta ya mawese hadi akachomoka. Sasa mama mkwe anataka tubomoe yote. — Mama wa Baraza*

Pole mama, na pole kwa mtoto. Nafasi kati ya vinguzo isizidi sentimita 10, na ipimwe shingoni, mahali palipo wazi zaidi. Fundi wako alipimia tumboni, akapunguza vinguzo vitatu au vinne, akakulipisha vyote. Huna haja ya kubomoa. Simamisha chuma chembamba katikati ya kila nafasi. Usikilaze, maana chuma kilicholala ni ngazi ya mtoto. Na kama mkono wa juu hauzidi kiuno chako, uuongezee kimo hadi ufike mita 1.

*Mjomba, mteja ameleta mifuko miwili ya simenti, anataka vinguzo 120. Anasema fundi wa jirani yake aliweza. — Fundi Mchovu, Katuba*

Fundi wangu, mfanyie hesabu mbele yake. Kinguzo cha sentimita 60 kinameza lita tano hadi sita za zege. Mfuko wa kilo 50, kwa kipimo cha moja, mbili, tatu na kokoto ndogo, unatoa lita 140 hivi. Mifuko miwili ni vinguzo 50, na huyo aliyetoa 120 ametoa mchanga wenye umbo. Mwambie pia kwamba maji hayapiti lita 25 kwa mfuko, kwamba mchanga wenye udongo wa kichuguu tunauachia tofali, na kwamba kuvua kalibu baada ya siku moja siyo mwisho wa kazi: vinguzo vifunikwe magunia yaliyolowa kwa siku saba, hasa mwezi wa Juni upepo unapokausha kila kitu. Akikataa, mwachie simenti yake urudi Katuba. Atakuita mvua zikianza, na siku hiyo utoze bei ya ukarabati.