Namna ya Kumpata Bosi wa Kompyuta Kuu

Anza na cheo chenyewe: Mkurugenzi Mshirika wa Utafiti wa Hali ya Juu wa Kompyuta za Kisayansi, Ofisi ya Sayansi, Wizara ya Nishati ya Marekani. Mwombaji atakayekitaja chote kwa pumzi moja, mpe alama tano.

Halafu usimteue mtu. Weka kaimu. Kaimu ana kiti ila hana ubavu wa kukizungusha; anasaini ruhusa za likizo, makubwa yanamngoja mwenyewe, na mwenyewe hajulikani. Cheo hiki hakithibitishwi na Seneti kama cha bosi wa Ofisi nzima ya Sayansi, kwa hiyo ukichelewa utakosa hata wa kumsingizia. Wakati huo, kwenye maabara ya Oak Ridge, Tennessee, mashine iitwayo Frontier inapiga hesabu zaidi ya bilioni mara bilioni kwa sekunde, bila kuuliza nani anakaimu.

Sasa tangazo la kazi. Dai shahada ya uzamivu, uzoefu wa kusimamia bajeti ya dola bilioni 1 hivi kwa mwaka, na subira ya kumfafanulia milinganyo mbunge anayetaka kujua jambo moja tu: jimboni kwake zitapatikana ajira ngapi? Mshahara utaje kwa sauti ya chini, maana kampuni za akili unde zinawawinda watu haohao. Kisha mwambie mtaalamu wako wa hisabati aandike insha ya kurasa 10 kuhusu alivyowahi kuongoza watu. Usicheke. Kwa miaka mingi ndivyo walivyopimwa waombaji wa vyeo vya juu katika utumishi wa umma wa Marekani.

Kwenye jopo atatokea mjumbe wa kupendekeza Frontier ndiyo ichambue maombi. Mjibu kwa upole kwamba mashine hiyo hula megawati 21 za umeme, kiasi ambacho mitambo ya umeme wa maji ya Hale kule Tanga huzalisha ikizunguka yote, na maombi yenyewe yako sita.

Usaili uwe na swali moja: utavumilia? Aurora, ya maabara ya Argonne karibu na Chicago, ilitangazwa mwaka 2015 kwamba ingekuwa tayari 2018. Hata kabla ya 2018 kufika, ilijulikana mashine haitafika. Mpango ukafumuliwa, ukubwa ukaongezwa, ikaahidiwa 2021. Kizingiti kilichokusudiwa cha hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde ikakivuka Mei 2024. Kazi hii ndivyo ilivyo: unaagiza wewe, anazindua mwenzio, na kama kuna lawama mnagawana. Mwombaji akionekana ana hamu ya kukata utepe, mshauri akagombee udiwani.

Mpendeze pia mwenye maabara. Maabara za wizara ni nyingi, kila moja inataka mashine yake, na kila moja ina mgombea "asiye na upande" aliyelelewa palepale.

Ukishampata, mkabidhi ofisi siku hiyohiyo, kabla mashine aliyoombea kazi haijawa chuma chakavu. Summit, nayo ya Oak Ridge, iliitwa namba moja duniani Juni 2018. Ilizimwa Novemba 2024.