Njia Saba za Kupata Usukani wa Pikipiki ya Babu Ukambani, Kuanzia Mbovu Kabisa

Pikipiki za zamani Kitui na Makueni hazifi, huegeshwa tu. Kuna Yamaha AG100 zilizobeba maafisa wa kilimo, kuna Suzuki A100 zilizolipa karo za watu, na mara mojamoja BSA ya Mwingereza ambayo mwenyewe huitaja kama anayetaja ukoo wake. Injini bado inanguruma. Usukani ndio ulioonja mchanga wa Mutomo, na sasa umejikunja kama pembe ya beberu. Hii ndiyo orodha yangu. Ukinuna nuna tu, kununa hakutozwi ushuru.

7. Kunyoosha uleule
Fundi anauingiza kwenye panda ya mwembe, anavuta, unanyooka. Malipo ni chai na mandazi. Ila chuma kilichopinda kikanyooshwa kimeshachoka pale kwenye kona, na siku ya kukatika hakiandiki barua ya kujiuzulu. Hukumu: utafika, lakini usukani unaweza kukutangulia.

6. Bomba la maji
Hapa tukae kidogo, maana mafundi wetu wanalipenda. Bomba la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3. Usukani wa pikipiki nyingi za Japani ni milimita 22.2. Tofauti haifiki hata milimita moja, na humo ndimo fundi wa jua kali anamopata riziki: anakata kipande cha kopo la soda, anakizungusha kwenye bomba pale linapobanwa, anakaza boliti, kisha anapangusa mikono na kukuambia, "Hiyo haitoki, mkubwa." Ni kweli, haitoki. Inazunguka. Shika breki ya mbele, uzito wako wote uhamie mikononi, uone usukani ukikuinamia kwa adabu. Tuwe waungwana lakini: kwa Kitui, bomba hilo angalau limepata kazi. Wenzake wengine wako ardhini miaka na mikaka wakingoja maji.

5. Mti
Msicheke. Kule Goma watu huteremsha magunia ya viazi na makaa kwa chukudu, chombo cha mbao chenye usukani wa mbao, na mji ukakijengea sanamu. Sisi tunaochonga twiga hadi watalii waombe poo tumeshindwaje? Basi tu, chukudu haina klachi.

4. Kuagiza Uingereza
Kwa wenye BSA peke yao. Unakuja unang'aa, na ni wenyewe hasa. Halafu kuna nauli, kuna ushuru, kuna VAT. Pikipiki itapendeza, nanyi nyumbani mtakula muthokoi mkavu hadi Krismasi.

3. Grogan, Nairobi
Hujamaliza kusema, muuzaji ameshashusha usukani: "Ndiyo hii, boss." Mtajie AG100, ndiyo hii. Mtajie BSA, ndiyo hii. Mtajie ngamia, atauliza wa mwaka gani. Hukumu: nenda na ule wa zamani mkononi, upime papo hapo, na usiangalie saa. Akijua una basi la kuwahi, bei inapanda kabla yako.

2. Boma la mstaafu
Nyuma ya ghala huko Makueni kuna AG100 imepumzika, stendi mbili, moja kila upande, keria mbele na nyuma, usukani mzima. Unamwamkia mzee, mnaongea mvua, mnaongea bei ya maembe, mnaelewana. Spana iko mkononi. Ndipo susu, mke wa mzee, anapotoka jikoni: "Na kuku wangu watalala wapi?" Chuma bora kuliko vyote, mazungumzo magumu kuliko yote. Nenda na mbao za kichanja.

1. Wa CG125, mpya, wa Mchina, dukani
Tulieni, wapenda orijino. Honda ilitoa CG125 mwaka 1976, na viwanda vya China vikainakili bila kuchoka. Serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, hata vioski vya sukari vikaanza kuning'iniza spea. Kwa hiyo usukani unaoudharau mjini Wote umbo lake ni la kizee, na kipenyo ni kilekile cha Mjapani. Angalia kimo tu. Ukiwa mrefu kuliko wa zamani, kebo zitavutwa. Washa injini, kata kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Ikipiga resi yenyewe bila wewe kuigusa, kebo ni fupi, na kwenye kona itaamua yenyewe pa kwenda.

Bado naitwa msaliti? Njoo na orijino yako iliyonyooshwa kwenye mwembe, mimi nije na wa Mchina, tuteremke milima ya Mbooni siku ya mvua. Atakayefika chini akiwa bado ameushika ndiye ataandika orodha ijayo.