Nambari Moja Tu

Mhariri wangu huagiza takwimu kama anayeagiza chai. "Wakenya wanaotumia intaneti ni asilimia ngapi? Nataka nambari moja tu, jioni iwe hapa."

Moja! Nimezipata nyingi, na hakuna zinazosalimiana. Sensa ya 2019 inasema asilimia 22.6 ya watu wa miaka 3 kwenda juu. Nikashusha pumzi. Kumbe mwaka uliofuata tovuti moja ya takwimu, inayonukuliwa na kila mwenye hotuba, ilitupa zaidi ya asilimia 80. Yaani zaidi ya nusu ya nchi iliunganishwa hivi hivi, na huku kwetu Likoni hatukumwona hata fundi akipanda nguzo.

Mchawi wa hesabu hizi ni laini. Kampuni za simu huhesabu laini, hazihesabu watu. Mimi nina mbili. Shemeji yangu ana tatu: moja ya bando za usiku, moja ya kazi, na moja ambayo dada yangu hapaswi kusoma habari zake humu. Tukiketi barazani tuko wawili. Kwenye ripoti tumeshakuwa watano. Hapo ndipo watu hugawanya laini kwa idadi ya wananchi, wakaandika asilimia, wakapigiwa makofi.

Wanaostahili heshima ni wale wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba. Watafiti wa Research ICT Africa walifanya hivyo 2017 na 2018, wakawakuta watumiaji wakiwa takriban robo tu ya Wakenya wa miaka 15 na zaidi. Lakini nao wana mtihani wao: shangazi yangu. Nilimuuliza kama anatumia intaneti, akakunja uso. "Mimi? Hayo ni ya nyinyi vijana." Kisha akanitumia WhatsApp dua, picha ya maua na sauti ya dakika nane kuhusu goti lake. Na hayuko peke yake. Watafiti wa LIRNEasia waliwakuta Waindonesia wakikana intaneti huku wakisimulia waliyoyaona Facebook.

Nikiwa katika kutafuta huko, likanirukia dodoso jipya la wataalamu fulani, linalojazwa mtandaoni pekee. Swali la kwanza: Je, unatumia intaneti? Nikabonyeza "Hapana". Wakanishukuru sana, wakaniahidi kunitumia matokeo kwa barua pepe.