Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Safu Moja Tu ya Jedwali

Mheshimiwa Waziri,

Naomba radhi mapema kwa kukutoa kwenye majukumu mazito, na nakuahidi nitakuwa mfupi kadiri ya uwezo wa mkunga mstaafu.

YAH: WANAWAKE WALIOPONA BILA KIZAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza nakupongeza. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022, vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya utafiti wa 2015/16. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Ila takwimu hiyo, kwa heshima zote, inamhesabu aliyekufa tu. Binti wa miaka 21 aliyevuja damu baada ya uzazi wa kwanza, akakimbizwa thieta usiku, akatoka hai bila mfuko wa uzazi, jedwali linamweka upande wa ushindi. Huko ukweni anakorudi, hesabu ni nyingine. Sina ugomvi na daktari aliyemfanyia upasuaji. Kati ya roho na kizazi alichagua roho, na alichagua sawa. Kinachoniuma ni kwamba hakuwa na njia ya tatu.

Njia hiyo ipo, na bila shaka unaijua, maana washauri wako ni wengi. Naieleza kwa ajili ya wasomaji wengine tu. Tangu 1979 imeripotiwa kwamba mshipa unaomwaga damu baada ya kujifungua unaweza kuzibwa bila kupasua tumbo. Mama hulala akiwa macho, hupigwa ganzi kwenye kinena, na mrija mwembamba kama tambi hupitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye mishipa ya mfuko wa uzazi, daktari akiufuata kwenye skrini ya eksirei. Dawa ya picha huonyesha pale damu inapotokea. Vipande vya sponji ya jelatini, vilivyokatwakatwa kwa mkasi, husukumwa taratibu, na damu husimama. Katika tafiti nyingi hufaulu kwa karibu wanawake 9 kati ya 10. Baada ya wiki chache sponji huyeyuka, mshipa hufunguka, na kwa walio wengi hedhi hurudi. Wapo wanaobeba mimba na kuzaa tena.

Sikufichi upande wa pili. Mimba inayofuata inaweza kuja na kondo la nyuma lililong'ang'ania, na damu inaweza kuvuja tena. Mama huyo anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajaruhusiwa, iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, na ajifungulie hospitali kubwa.

Muhimbili, kwa kushirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, ilianza mwaka 2018 kuwafundisha madaktari wetu tiba za aina hii. Hapo nakupongeza mara ya pili. Tatizo ni kwamba damu ya uzazi, kwa utovu wake wa nidhamu, haijasoma ratiba ya utumishi wa umma. Huja saa nane usiku, na mara nyingi Jumapili.

Tena huja Kibondo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Mama wa huko mashine ya skrini haimhusu. Kwake kuna shuka la plastiki lenye alama za kupimia damu, lililo sehemu ya mpango uliojaribiwa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu. Matokeo yake yalitangazwa 2023, na uvujaji mkubwa wa damu ulipungua kwa asilimia 60. Kuna pia kondomu inayofungwa kwa uzi kwenye mpira wa mkojo na kujazwa maji ya dripu ndani ya mfuko wa uzazi hadi ikandamize panapovuja, ubunifu wa Dk. Sayeba Akhter wa Bangladesh. Hiyo nayo inataka thieta na damu ya kuongeza viwe karibu, kwani ikishindwa hakuna muda wa kupoteza. Ila ikifaulu, damu inayosimamishwa kwa kondomu hiyo haihitaji kisu wala skrini.

Kwa hiyo nathubutu kuomba, huku nikijua kalamu yako ina kazi nyingi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Kitita chake kitaje kwa jina tiba ya kuziba mishipa kwa damu ya uzazi, ili familia isidaiwe fedha mlangoni wakati shuka linalowa. Hospitali ya rufaa yenye mashine hiyo ya skrini iwe na mtaalamu wa zamu usiku. Na taarifa ya mwaka ya wizara yako iongezwe safu moja: wanawake walioondolewa kizazi kwa sababu ya damu ya uzazi, mkoa kwa mkoa, na umri wao. Safu hiyo haihitaji mfadhili. Majina yao yako kwenye vitabu vya thieta.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mkunga mstaafu, Morogoro