Bata wa Ajabu na Masaibu ya Mwenye Darubini

Bata mwitu dume wa nchi za kaskazini ana nguo mbili kwa mwaka. Ya harusi ni ya kujishaua: kichwa cha kijani kinachometameta, pete nyeupe shingoni, mkia uliosokotwa. Ya pili ni ya kahawia kama ya jike, nayo huivaa baada ya kuzaliana, manyoya yote ya kurukia yanaponyonyoka kwa mkupuo na kumwacha chini wiki tatu au nne. Kwa ndege asiyeweza kupaa, kujificha ni akili. Kwa mtazamaji aliyekariri picha za kitabuni, ni msiba.

Msiba huo hufika hadi Ziwa Naivasha. Bata wadogo wa Ulaya na Asia, ambao dume wao hujulikana kwa mchirizi mweupe juu ya jicho, huja Afrika Mashariki kukimbia baridi, na madume hufika wangali na nguo za kahawia. Mwenye darubini huhesabu majike mia mbili asubuhi nzima, kisha huandika daftarini kwamba madume wamebaki Urusi. Kumbe wako mbele yake. Kundi likiruka ndipo mabawa yao ya samawati iliyopauka huwafichua, na kwa kawaida wakati huo yeye anamimina chai.

Halafu kuna tope. Bata miluzi, yule Mwafrika apigaye mbinja, huzamisha uso wake mweupe matopeni akautoa wa hudhurungi. Spishi mpya iliyogunduliwa Jumamosi jioni huoga Jumapili asubuhi. Mabata bukini weupe wa Amerika Kaskazini wana ukaidi zaidi: chuma kilichomo katika matope wanamochimbua mizizi huwapaka kichwa rangi ya kutu, na rangi hiyo haitoki mpaka manyoya yabadilike. Nayo mabaka meupe yasiyo na mpango kwenye bata yeyote ni hitilafu ya rangi tu. Albino kamili hujulikana kwa macho mekundu.

Machotara ndio waliowaaibisha hata wakubwa. Mwaka 1822, huko Louisiana, mchoraji John James Audubon alipata bata asiyefanana na yeyote. Alimchora, na bata akapewa jina la rafiki yake, Thomas Brewer. Baadaye ikabainika kwamba baba na mama walikuwa wa spishi mbili zinazojulikana vizuri, na Brewer akabaki na heshima ya bata asiyekuwapo.

Mara nyingi zaidi, hata hivyo, mchawi ni bata wa nyumbani. Karibu wote wametokana na yule wa kichwa cha kijani, hivyo wakitoroka huoana na ndugu zao wa porini bila kuuliza mtu. Asiyetokana naye ni bata mkubwa wa asili ya Amerika, mwenye uso mwekundu wa vinundu, ambaye amejaa vijijini Afrika Mashariki. Huyu akielea peke yake kwenye matete, giza likianza kuingia, mtazamaji humtangaza kuwa chotara wa bata kinundu wa porini. Wenzake huitwa kwa simu, wakaja na pikipiki mbili na kamera yenye lenzi ndefu kama mchi. Wanapobishana juu ya rangi ya miguu, mama mmoja hutokea na sufuria ya pumba, akaigonga kwa kijiko, na chotara akatoka majini akamfuata nyumbani.