Lori Likifika 65

Jumatatu. Tumepakia mawe ya Ndarugo, inchi 9 kwa 9, tukaelekea Ruiru. Hadi 60 lori limetulia. Lilipogonga 65 likaanza kutetema na chupa ya chai ya turniboi ikaruka dashibodi. Chai yote imeishia kwenye risiti za mteja. Nikipunguza mwendo mtetemo unakwisha. Nikiongeza unarudi palepale. Spidi gavana imefungwa kwenye 80, kama sheria inavyotaka kwa lori la uzito huu, kwa hiyo sina nafasi ya kuupita.

Jumanne. Mwenye lori amesema ni balansi. Karibu kila mtu huanza na balansi. Huko Makongeni magurudumu ya mbele yamepimwa na vipande vya risasi vikagongwa kwenye rimu. Nimejaribu hadi Witeithie: mtetemo uleule. Ila usukani ulikuwa umetulia mkononi, kilichotetema ni kiti na sakafu. Mara nyingi ugonjwa wa mbele huupata usukanini, wa nyuma unakuja kwa kiti. Laiti tungeuliza hilo kabla ya kulipa.

Jumatano. Mvua. Machimboni Juja tumekwama hadi saa nane mchana. Turniboi ameingia uvunguni akabandua tope lililoganda ndani ya rimu za nyuma, na jiwe lililokuwa limebanwa kati ya tairi mbili za kulia. Bisibisi imevunjika ncha. Kazi hii haina gharama na ndiyo ingetangulia, maana tope la upande mmoja hulivuruga gurudumu sawasawa na balansi mbovu. Mtetemo umepungua kidogo, haujaisha.

Alhamisi. Alfajiri, lori tupu, barabara tambarare. Nimefika 70, nikakanyaga klachi, nikatoa gia. Injini ikashuka sauti, mtetemo ukaendelea. Basi injini haina kosa. Nikarudia kwenye 65 kwa gia ya nne, kisha ya tano: haukubadilika. Unafuata mwendo wa magurudumu. Jaribio hili usilifanye ukiwa na mzigo, wala kwenye mteremko wa kushuka daraja la Chania. Pale lori lisilo kwenye gia linaachiwa breki peke yake.

Halafu nimepiga hesabu nyuma ya risiti zilezile. Tairi letu la 7.50-16 lina mzingo wa kama mita 2.5, kwa hiyo kwenye 70 linazunguka karibu mara 8 kwa sekunde. Propela shafti, kwa difu yetu, huzunguka takriban mara 6 kila gurudumu likizunguka mara moja: karibu mara 47 kwa sekunde. Tairi bovu hukurusha kitini, unaona kila pigo. Sisi tunasikia mvumo kwenye nyayo, basi ni shafti. Nimemwandikia mwenye lori asinunue tairi.

Ijumaa. Fundi mmoja mzee wa huku Thika ameweka magogo kwenye magurudumu, akashika shafti kwa mikono miwili na kuitikisa. Joiniti za msalaba ni imara, raba ya beringi ya kati ni nzima. Akachovya kitambaa kwenye dizeli, akafuta grisi pale shafti inapochomekana. Chini ya uchafu kulikuwa na mishale miwili. “Kijana, hii inatakiwa itazamane,” akasema. Yetu ilikuwa imepishana meno mawili.

Gereji fulani ilibadilisha joiniti hizo majuzi, ikachomoa shafti na kuirudisha bila kuangalia alama. Joiniti ya msalaba ikiwa imepinda haizungushi shafti kwa mwendo mmoja: huiharakisha na kuichelewesha mara mbili kila mzunguko. Joiniti ya pili ndiyo hufuta kosa la ya kwanza, lakini lazima uma za ncha zote mbili za shafti zilale sambamba. Zikipishana, kosa linabaki, na kadiri mwendo unavyopanda ndivyo linavyokupiga.

Mishale imetazamanishwa. Bolti moja imetumbukia kwenye mtaro. Duka la spea lilikuwa na za inchi tu, nasi tunatumia za milimita, na shafti haifungwi kwa bolti ya kuokota. Lori limelala hapo.

Jumamosi. Bolti imepatikana. Tumepakia, tukashuka hadi Kamakis. 65, 70, 75: sakafu kimya. Mteja amelalamika kuhusu risiti yenye madoa, nikamwandikia nyingine. Mwenye lori ameuliza afanyie nini pesa za tairi. Nimemwomba pampu ya grisi.