Yah: Kujisalimisha kwa Kosa la Kueleweka

Kwa Wizara yenye Dhamana ya Elimu,
Dodoma.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya kata, mwaka wa kumi na tisa kazini, na sijawahi kuandikiwa barua ya onyo. Naandika kujisalimisha kabla sijakamatwa. Jumanne iliyopita, kipindi cha tatu, kidato cha pili, mbele ya mashahidi 74, nilifundisha osmosisi na wanafunzi wakaelewa.

Nilianza kihalali kabisa. Niliandika maana ya osmosisi ubaoni kwa Kiingereza kama ilivyo kitabuni, nikaisoma, wakaisoma, nikawauliza kama wameelewa, wakaitikia kwa sauti moja kwamba wameelewa. Hapo ndipo mwalimu mwenye akili timamu hufuta ubao akasonga mbele. Mimi shetani akanipitia. Nikamwita binti mmoja wa dawati la nyuma anieleze huo utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi ni kitu gani. Akasimama. Akatazama dari, akatazama viatu vyake, akarudi darini. Machozi yakaanza kumlengalenga, nami, badala ya kumwambia akae, nikauliza kwa Kiswahili: "Kwenu nani hukata kachumbari?"

Waheshimiwa, sikujua swali lile lina nguvu za namna hiyo. Binti yuleyule akasema ukitia chumvi kwenye nyanya na vitunguu, ukageuka kidogo kufuata sahani, ukirudi unakuta maji chini ya bakuli. Yametoka wapi? Ndani ya nyanya, akadakia mwingine. Na kwa nini yatoke? Basi hapo wakaanza kubishana. Kijana ambaye tangu kidato cha kwanza nilimdhania bubu akasema chumvi inayaita maji. Mwenzake akampinga: chumvi haina mdomo, maji yenyewe yanakimbilia upande ambako yamepungua. Halafu akauliza, naapa aliuliza mwenyewe bila kuitwa, kama ndiyo sababu mama yake hukataza kumwaga mbolea nyingi ya dukani kwenye mchicha, kwamba unaungua. Kengele ikalia na hakuna aliyetoka nje. Hilo la kutotoka nje nalikiri kama kosa la pili.

Mtauliza nilikuwa wapi mliponipeleka semina. Nilikuwepo. Mtaala wa kujenga umahiri uliingia sekondari 2005, na tangu niajiriwe nimeitwa semina za mbinu shirikishi hadi nimesahau idadi. Najua kugawa vikundi, kubandika karatasi za manila ukutani, kumweka mwanafunzi katikati ya somo. Sina kinyongo na mbinu hizo, ni nzuri. Jambo moja tu lilinitatiza katika semina ya mwisho. Mwezeshaji alitufundisha siku tatu namna ya kuwashirikisha wanafunzi kwa Kiingereza, na siku zote tatu alitufundisha kwa Kiswahili. Tulishiriki kupita kiasi. Hata posho tuliijadili kwa kina.

Siwezi kujitetea kwamba sikuonywa na utafiti, maana katika nchi hii utafiti wa jambo hili la lugha ya kufundishia haujawahi kuadimika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Penina Mlama na May Matteru walilichunguza kwa niaba ya BAKITA, baraza la taifa la Kiswahili. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ya elimu ikapendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari ifikapo 1985. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, wakawapima wanafunzi wetu na kuona kwamba katika kidato cha nne ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyefikia kiwango ambacho mtu angeweza kuanza kufundishwa kwa Kiingereza. Kuanza, wakati wanafunzi hao walikuwa wanamaliza! Ripoti yao ikahitimisha kwamba dawa ni Kiingereza zaidi, na mradi wa kukiimarisha ukaja na vitabu vyake. Ni sawa na fundi akwambie ufunguo huu si wa kufuli hili, kisha akuuzie kumi za namna hiyohiyo.

Kuanzia 2002 watafiti wa LOITASA, mradi wa lugha ya kufundishia, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Norway na Afrika Kusini, wakaingia madarasani kabisa. Kidato kilekile kikafundishwa Biolojia na Jiografia kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Waliofundishwa kwa Kiswahili wakauliza, wakajibu, wakabisha. Mimi nimepata matokeo yaleyale kwa nyanya mbili na kitunguu, bila mfadhili, na naomba hilo lihesabiwe kama kuokoa fedha za umma.

Sera ya elimu nayo nimeisoma. Ile ya 2014 iliruhusu Kiswahili kufundishia ngazi zote, na ilipozinduliwa mapema 2015 nilifurahi nikaanza kutafsiri notisi zangu usiku. Zile notisi sasa nafungia sabuni. Likaja toleo la 2023, ukaja mtaala mpya wa 2024, na Biolojia yangu bado inazungumza Kiingereza.

Ila nakiri nyinyi mna ubunifu ambao sisi wa chaki hatuna. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka na zaidi ya nusu ya watahiniwa kuangukia sifuri, tume iliundwa, matokeo yakafutwa, alama zikapangwa upya, na baadhi ya vijana wakafaulu bila kufungua tena daftari. Hiyo ndiyo mbinu ya ufundishaji iliyonishinda kabisa kuiiga.

Kinachonichanganya ni diplomasia. SADC ilikipokea Kiswahili 2019, Umoja wa Afrika 2022, UNESCO ikakitengea tarehe 7 Julai. Siku hiyo shuleni kwetu wanafunzi hughani mashairi ya kukisifu, wakishuka jukwaani wanapita chini ya kibao kinachowakataza kukizungumza. Yule binti wa kachumbari akiwa rais anaweza kuhutubia mkutano wa Umoja wa Afrika kwa lugha yake. Kuniuliza mimi swali la chembehai, hapana.

Wazazi nao wananitisha. Wanataka Kiingereza, na hawakosei: ajira inakidai, na watoto wa wanaopanga sera wanacho. Mimi pia nakitaka, ndiyo maana ninaumia kuona mwalimu wa Kiingereza ana vipindi vichache na vitabu vya kugombania, huku kazi yake tumetwishwa sisi wa Biolojia ambao Kiingereza chenyewe tunakipapasa. Mtafiti Martha Qorro amesema miaka mingi kwamba kufundisha lugha na kufundisha kwa lugha ni mambo mawili. Mimi nimelithibitisha kwa mdomo wangu: kwa miaka kumi na tisa nimewafundisha watoto hawa Kiingereza kibovu na Biolojia pungufu kwa wakati mmoja.

Kabla hamjanihukumu, mjue ninao mwenendo mzuri pia. Mwaka juzi alikuja mdhibiti ubora wa shule. Nilifundisha mada hiihii dakika arobaini kwa Kiingereza kitupu. Hakuna aliyekohoa. Akaandika kwamba darasa lina utulivu na nidhamu ya hali ya juu. Wakati wa chai akanivuta pembeni akaniomba, kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini, nimkumbushe ile osmosisi hasa ni nini, kwani mwanawe ana mtihani. Nikamweleza. Akashukuru sana, akamaliza chai, akasaini kitabu cha wageni.

Kuhusu adhabu, napendekeza nipelekwe semina. Vielelezo vya kosa nimeviambatanisha: nyanya, kitunguu na chumvi kidogo. Naomba shauri lisichelewe, nyanya hazikai.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Biolojia, kidato cha pili

Nakala:
Mkuu wa Shule – kwa taarifa.
Mdhibiti Ubora – mtoto alipata ngapi?
Kabati la ripoti – kwa kuhifadhiwa pamoja na zile nyingine.